Kifurushi Kilichoshonwa Mdomo

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hivyo ndivyo wasemavyo watu ambao hawajawahi kupanda ndege Simikot. Kule Humla milimani, mzigo wa mwenzio ni jiwe shingoni mwako. Na kwa Dhansara Rokaya, mzigo wa mwenzio ulikuwa moto, tena ulifungwa kiunoni mwa mama mkwe wake.

Mambo yalianza jikoni. Dhansara alikuwa akikoroga uji wa shayiri. Mama mkwe wake, Jasuda, alikuwa akipasua vibanzi vya msonobari vya kuwashia moto. Kibanzi kimoja kiliruka, kikamchoma jicho la kulia. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa tangu utotoni, kwa surua.

Jioni jicho lilikuwa jekundu kama pilipili. Asubuhi yake likaanza kuweka weupe katikati. Mhudumu wa kituo cha afya alilimulika kwa tochi.

"Dawa yake sina," alisema. "Mpelekeni hospitali ya macho Nepalgunj. Kidonda kimekaa kwenye mboni. Mna siku tatu, labda nne. Zikipita hizo, mama huyu hatauona tena mlango wa nyumba yake."

Barabara ilikuwa imefukiwa na maporomoko. Kwa miguu, Nepalgunj ni zaidi ya wiki. Kwa ndege ni dakika hamsini. Mume wa Dhansara alikuwa kazini India. Aliyehangaika kutafuta viti viwili alikuwa shemeji yake Karnabir, kaka mkubwa wa mumewe. Karnabir ni mjumbe wa kata. Watu husimama anapopita.

Habari za safari zilienea kijijini kabla uji haujapoa. Watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, na vifurushi mikononi. "Mpelekee mwanangu." "Mpelekee dada yangu, yuko jirani na soko." Kila kifurushi kilikuwa kimeshonwa mdomo kwa uzi wa sufu. Ndiyo desturi. Mtoaji hushona kwake, na msafiri hapasui mshono. Kuupasua, au hata kuuliza sana, ni kumwambia mtoaji kwamba yeye ni mwongo.

Wa mwisho kuja alikuwa Karnabir. Kifurushi chake kilikuwa kikubwa kama kichwa cha mbuzi, na kizito kuliko vyote.

"Hiki ni cha Lokendra," alisema. Lokendra ni mwanawe anayesoma Nepalgunj. "Samli na maharagwe. Usikitie kwenye begi. Begi litapimwa."

"Sasa kikae wapi, shemeji?" Dhansara aliuliza. Alikuwa amejifunika kichwa, macho chini, kama inavyompasa mke wa mdogo mtu.

"Mfunge mama kiunoni, halafu mshipi wake wa kitambaa uzungushie juu. Ule mshipi unatosha kumfunga nyati! Mizani inapima mabegi, haipimi vikongwe."

Jasuda alicheka huku ameshika kitambaa jichoni. "Kikongwe huyo ndiye aliyekuzaa, mjinga wewe."

"Ndiyo maana nakuamini, mama."

Dhansara alikipima kifurushi kwa mikono. Maharagwe hayawi mazito namna ile. "Ndani ni samli na maharagwe tu, shemeji?"

Karnabir aligeuka taratibu. "Haya, msikieni! Tangu aanze darasa la kusoma la akina mama, amekuwa askari wa forodha. Unataka nipasue mshono? Sema. Niupasue hapa, mbele ya mama yangu, uone kama mimi ni mwizi?"

"Hapana, shemeji. Nimeuliza tu."

"Basi umejibiwa."

Walitembea kutwa nzima hadi Simikot. Dhansara alibeba begi na vifurushi kumi na kimoja. Jasuda alishika bega lake na kutembea kama mtu apitaye juu ya kamba. Siku iliyofuata mawingu yalilala juu ya uwanja wa ndege na hakuna ndege iliyokuja. Jasuda alilia kimya kimya kwa maumivu. Weupe wa jicho ulikuwa umeongezeka.

Siku ya tatu mbingu ilifunguka. "Wahini," watu wakasema. "Haitakaa wazi muda mrefu."

Jasuda alijifunga kifurushi tumboni, akavuta mshipi ukazunguka mara saba. Alionekana kama mjamzito wa miaka sitini na tano.

"Mtoto wa nani huyu, mama?" Dhansara alimtania, apunguze hofu yake mwenyewe.

"Wa Karnabir. Na amerithi ubishi wake, ananisukuma mbavu."

Penye mizani alisimama mwanamke aliyevaa sare ya bluu. Aliitwa Manrupa Bista, askari wa ukaguzi. Mbele yake alikuwa mzee mmoja aliyevaa makoti matatu.

"Baba, umenenepa lini?" Manrupa alimwuliza.

"Jana, binti yangu. Chakula cha mjini."

"Hebu nikipapase hicho chakula." Akatoa viazi kwenye koti la kwanza. Akatoa maharagwe kwenye la pili. Kwenye la tatu akatoa jiwe la kusagia chumvi. Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Chekeni, lakini nisikilizeni," Manrupa alisema. "Uwanja huu unaishia kwenye korongo. Rubani anapiga hesabu ya uzito kabla ya kuruka: watu, mizigo, mafuta. Kilo unayoificha haipotei. Inapanda ndege pamoja na wewe. Tofauti ni kwamba wewe unaijua, na rubani haijui. Sasa, wewe na rubani, nani anaendesha?"

Kicheko kilikatika. Mzee alivua koti moja bila kuambiwa.

"Kila mtu nitamwuliza maswali matatu. Mzigo wako umeufunga mwenyewe? Kuna kitu umepewa na mtu? Na kama umepewa, umekiona kwa macho yako?"

Dhansara alihesabu foleni. Kulikuwa na watu wawili mbele yake. Kwa mbali, ndege ilisikika ikiguruma bondeni.

Ndipo Jasuda alipomvuta mkono. "Mwanangu," alinong'ona, "samli ya shemeji yako inanichoma."

"Ni jua, mama."

"Jua halichomi chini ya mshipi."

Dhansara alipenyeza mkono chini ya zile tabaka saba za kitambaa. Akauondoa haraka. Kifurushi kilikuwa cha moto kama chungu kilichotoka mekoni. Na kulikuwa na harufu ya plastiki.

 Kama angesema, wangezuiwa. Ndege ingeondoka bila wao, mawingu yangefunga, siku ya nne ingepita, na mama mkwe wake angebaki gizani hadi kufa. Kama angesema, angekuwa amemvua nguo mtu aliyewatafutia viti. Labda angekamatwa yeye, maana yeye ndiye aliyekipokea kifurushi. Akawatazama watu. Kulikuwa na bibi arusi aliyebeba godoro lake jipya. Kulikuwa na mama aliyefunga mtoto mgongoni, na mtoto akimtolea Dhansara ulimi. Wangekuwa juu ya korongo, na moto katikati yao.

Ndege ilitua kwa kishindo. Vumbi likapanda. Pangaboi za mabawani zilikuwa bado zinazunguka.

"Anayefuata!" Manrupa aliita. "Mdogo wangu, mzigo umeufunga mwenyewe?"

"Dada," Dhansara alisema.  Sauti ilitoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Dada, mama yangu ana kitu kiunoni. Tumepewa. Sijaona kilichomo ndani. Kinaungua!"

Manrupa hakupiga kelele. "Mama, inua mikono. Wengine wote nyuma ya ukuta. Acheni mizigo! Nimesema acheni!"

Yeye na Dhansara waliufungua mshipi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jasuda alizunguka pamoja nao kama pia, akilitaja jina la Mungu. Moshi mwembamba ukatoka kwenye mshono. Zunguko la saba lilipofunguka, Manrupa alikidaka kifurushi kwa ncha ya mshipi, akakimbia nacho hadi kwenye shimo la mchanga, akakitupa.

Kililia kama nyoka. Kisha kikawaka. Mwali ulipanda mrefu kuliko mtu, na samli ikauongezea nguvu. Moshi ulikuwa mweusi, wenye harufu ya kukata koo.

"Msisogee! Moshi huo ni sumu!" Manrupa alimwaga mchanga, ndoo baada ya ndoo, akisimama upande upepo unakotoka.

Mtoto yule wa mgongoni alikuwa ameacha kutoa ulimi.  Jasuda alijishika tumbo. Ngozi yake ilikuwa imebabuka, nyekundu, ukubwa wa kiganja.

Moto ulipokufa, Manrupa alifukua kwa fimbo ndefu. Kulikuwa na kopo la samli, sufuria ndogo ya shaba, na kitu cheusi kilichotumbuka.

"Betri ya taa ya sola," alisema. "Angalieni. Ilikuwa imevimba, kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyolowa haipandi ndege. Haipandi kabisa, mkononi wala kwenye begi. Na hii nyaya zake zilikuwa wazi, zikaguswa na shaba. Hapo ndipo moto ulipozaliwa."

"Na betri nzima je?" aliuliza yule mzee wa makoti.

"Betri nzima ya akiba, kama ya simu, unabeba mkononi, siyo kwenye begi linalokwenda nyuma. Kule nyuma ikiwaka, nani ataiona? Ncha zake za umeme unazifunika kwa selotepu, zisiguse chuma. Na simu yako ikipata moto ndani ya ndege, usione haya. Mwambie mhudumu papo hapo. Haya ni ya sekunde, si ya kesho."

Mfanyabiashara mmoja alikuwa ametazama juu, kwenye pengo la milima. Wingu jeupe lilikuwa limeanza kushuka. "Mwanamke mkosi huyu!" alifoka. "Ametuchelewesha! Angekaa kimya tungekuwa tumeshakaa vitini."

"Ungekuwa umeshakaa kwenye jivu," Manrupa alimjibu. "Na sasa nawauliza tena nyote. Nani mwingine ana kitu? Atakayesema sasa, nitakipokea na atasafiri. Nitakayemkuta nacho mwenyewe, huyo ataniona."

Bibi arusi, uso chini, akatoa mtungi mdogo wa gesi ndani ya godoro. Watalii walikuwa wameuacha kijijini. Mwanamke mwingine akatoa dumu la pombe kali ya nyumbani. Vikafuata chupa ya mafuta ya taa na viberiti vinne. Mwisho kabisa, yule mfanyabiashara akasogea, akaweka mezani kopo la rangi ya kupuliza.

"Ni la kaka yangu," alisema.

"Najua," alisema Manrupa. "Siku zote ni la kaka."

Walivipasua vifurushi kumi na kimoja vya Dhansara, kimoja baada ya kingine. Kumi vilikuwa na vyakula na sweta. Kimoja kilikuwa na mundu. Manrupa aliufunga kwa matambara na kuutia kwenye begi la nyuma. "Chenye makali hakikai na watu," alisema. Kisha akafungua daftari.

"Umesema mapema, mdogo wangu. Utasafiri. Lakini lazima niandike. Nani aliyekupa kile kifurushi?"

"Shemeji yangu."

"Jina lake?"

Dhansara alimtazama Jasuda. Katika miaka saba ya ndoa, hakuwa amewahi kulitamka. Mke wa mdogo halitamki jina la kaka wa mumewe. Humwita shemeji, humwita baba Lokendra, hata wakiwa wawili jikoni. Kulitamka mbele ya watu ni kumpiga kofi.

Wingu lilikuwa limefika nusu ya mlima. Jasuda aliinamisha kichwa.

"Karnabir Rokaya," Dhansara alisema. "Mjumbe wa kata."

Walipelekwa kwenye ndege kwa mstari mmoja. "Mbali na pangaboi!" Manrupa alipaza sauti. "Hata zikisimama, piteni mbali. Mfuateni mhudumu, msijifanye mnajua njia."

Ndani, mhudumu wa ndege aliwafunga mikanda mmoja mmoja na kuivuta ikakaza. Aliwaonyesha mlango wa dharura. "Ikitokea shida, hapa ndipo pa kutokea. Mizigo inabaki. Usigeuke kuchukua hata kiatu. Anayeng'ang'ania begi anaziba njia ya mwenzake." Dhansara alizisoma herufi nyekundu juu ya mlango, silabi kwa silabi. Akahesabu viti kutoka kwake hadi pale. Vitatu. Akaushika mkono wa mama mkwe wake na kumgusisha kila kiti, kwa kuwa yeye hakuona.

"Kwa nini unanihesabisha viti?" Jasuda aliuliza.

"Moshi ukiingia, mama, wote tutakuwa kama wewe."

Ndege ilikimbia. Ardhi iliishia, na kwa pumzi moja hapakuwa na chochote chini yao. Bibi arusi alipiga yowe. Wingu lilifunga nyuma yao kama mlango. Dakika zile hamsini Dhansara hakufumba macho. Kila harufu aliinusa. Kila joto aliligusa. Mara tatu aliuingiza mkono chini ya mshipi wa mama mkwe wake, ingawa alijua hakuna kitu.

Nepalgunj, daktari aliliangalia jicho kwa muda mrefu. "Mngekuja kesho, ningewaambia poleni," alisema. Walikaa hospitali siku kumi na tisa, kwa dawa ya matone kila saa. Siku ya kumi na mbili Jasuda alimtazama Dhansara akasema, "Umekonda. Na hizo nywele hukuzichana."

Dhansara alilia hadi wauguzi wakaja.

Waliporudi kijijini, akina mama wa darasani walikuwa wameshasikia. Walikubaliana kitu kimoja, na sasa kinafuatwa. Kifurushi cha safari hakishonwi tena nyumbani. Kinaletwa wazi. Msafiri anatoa kila kitu kwa mkono wake, anaangalia, anarudisha, kisha kinashonwa mbele yake. Asiyetaka kuonyesha, anabaki na kifurushi chake. Wazee walinuna. Lakini katika msimu ule peke yake zilirudishwa betri sita na mitungi miwili ya gesi, na waliosafiri walifika.

Karnabir hakununa tu. Aliita kikao mbele ya nyumba yake. Polisi walikuwa wamemwita Simikot, wakamhoji kutwa nzima na kumwonya kwa maandishi. Kijiji kizima kilijua.

"Sikujua kwamba betri inaweza kuwaka," aliwaambia watu. "Nilitaka Lokendra akaibadilishe tu. Naapa, nisingemfunga mama yangu moto. Hilo nimelibeba, nami nimemwomba mama radhi." Akamgeukia Dhansara. "Lakini wewe ulilitamka jina langu. Mbele ya askari, mbele ya wageni, ukaliweka kwenye daftari. Hakuna mke katika ukoo huu aliyewahi kufanya hivyo. Inama unishike miguu, uombe radhi, na yaishe."

Jasuda alikuwa ameketi kizingitini, akiwatazama wote wawili kwa jicho lake moja. "Mwombe tu, mwanangu," alisema polepole. "Ni neno moja. Tulale kwa amani."

Dhansara alivuta kitambaa kichwani, akakiweka sawa. Kisha akainua macho. Watu wakakohoa.

"Shemeji, viti ulivyotutafutia nakushukuru, na nitakushukuru maisha yangu yote," alisema. "Samli yako nitakulipa kwa samli. Kama niliuliza kidogo siku ile, kosa ni langu, nilipaswa kuuliza zaidi. Lakini jina lako niliulizwa na mtu aliyetuokoa, nikalisema, na ndege ikaruka. Nikiulizwa tena, nitalisema tena."

"Kwa hiyo huombi radhi?"

"Siombi."